Maswali ya Wasomaji: Mbao Badala ya Kitabu cha Wageni Harusini

Harusi ya mdogo wangu imebakiza wiki 6. Tumeandaa ubao wa msonobari ili wageni waandike majina na dua zao. Tulipojaribu kwa maka peni, herufi zilitanuka kama mizizi, na tulipopaka vanishi juu yake, wino ukatapakaa ubao mzima. Tumekosea wapi?

Dada, hayo ni makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ubao kuandikwa ukiwa mkavu, haujapakwa kitu. Mbao ni mirija midogo iliyolala upande mmoja. Wino mwepesi wa maka peni hukimbia ndani ya mirija hiyo, na msonobari hunywa wino kuliko mbao ngumu, hasa katika ile mistari yake myeupe iliyo laini. La pili ni vanishi mliyochagua. Maka peni za kawaida zina wino ulioyeyushwa kwa spiriti, kwa hiyo vanishi yenye spiriti, kama shelaki, huuyeyusha upya, na brashi nayo inausambaza. Baadhi ya vanishi za mafuta hufanya vivyo hivyo.

Ubao huo bado unafaa. Piga msasa namba 120 mpaka alama za majaribio ziishe, kisha 180, kisha 220, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao. Futa vumbi lote. Paka mkono mmoja mwembamba wa vanishi ya maji isiyong'aa, uache ukauke. Utaona ubao umesimamisha vinyweleo. Hiyo ni kawaida ya mbao ikiguswa na maji. Pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, futa, paka mkono wa pili, halafu uuache siku nzima. Tunasisitiza *isiyong'aa* kwa sababu juu ya vanishi inayong'aa wino huelea bila kushika, na mgeni wa pili akiegemeza mkono anafuta jina la wa kwanza.

Kwa kuandikia, nunua kalamu za wino wa pigmenti (chembe laini za rangi) usioyeyuka kwa maji, ncha ya milimita 0.8 au 1. Rangi ya pigmenti huvumilia mwanga kuliko wino wa kawaida wa maka peni, ambao hufifia ubao ukitundikwa mbele ya dirisha. Baada ya sherehe subiri saa 24, kisha funika maandishi kwa vanishi ya kupuliza. Shika kopo umbali wa sentimita 30 hivi, upulize ukungu tu, subiri dakika 15, urudie mara mbili au tatu. Usilowanishe, na brashi isiguse kabisa mpaka tabaka hizo zikauke. Hatua zote hizi zijaribiwe kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule, kwa kalamu ileile na vanishi ileile.

Tumekata kipande cha mviringo kutoka kwenye gogo la mti wa nyumbani, upana sentimita 40, unene sentimita 3. Baada ya wiki tatu kimepasuka kuanzia kwenye kiini hadi kwenye gome. Je, tulikikausha vibaya?

Hata mkaushaji hodari angepata shida. Mti mbichi unapokauka, husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kuzunguka duara kuliko kutoka kiini kwenda gome. Mzingo unakuwa mfupi kuliko upana unavyouruhusu, na kwa kuwa hauna pa kujinyoosha, unapasuka. Jua na upepo huharakisha tu.

Msikitupe. Ufa wa mti wa nyumbani, ukitibiwa vizuri, kwa maoni yetu ni mzuri kuliko duara kamili la kununua. Ila msikimbilie kuujaza gundi leo, kwa sababu kipande bado kinasinyaa na gundi itabanduka. Kiwekeni kivulini juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini, na mkipime uzito kila wiki. Uzito ukibaki uleule kwa wiki tatu mfululizo, kimefikia ukavu wa chumba hicho. Hapo seremala achonge vipande viwili au vitatu vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo, kina cha milimita 8 hadi 10, avipachike kwa gundi vikikatisha ufa, nyuzi zake zikiwa zimevuka ufa. Nyuzi zikilala sambamba na ufa, kipepeo kitakatika kiunoni.

Upande wa juu wa kipande hicho ni vinywa vya mirija vilivyo wazi, hivyo unahitaji mikono mitatu ya vanishi kabla ya kuandikwa. Msikipigilie wala kukigandisha kwa gundi kwenye ubao mwingine, maana mbao huendelea kucheza na unyevu wa hewa. Mkiona unga mwembamba chini ya gome, kuna bungua; ondoeni gome lote.

Tunataka fremu yenye kioo ambamo wageni wanatumbukiza vipande vya umbo la moyo. Wageni ni 150. Vipimo viweje?

Moyo wa sentimita 4, wa plaiwudi ya milimita 3, unatosha jina na maneno matano sita. Kadirieni sentimita 16 za mraba kwa kila moyo, pamoja na nafasi zinazobaki kati yao. Tengenezeni mioyo 180, kwa kuwa wengine wataharibu. Hiyo ni sentimita za mraba 2,880, na fremu ya ndani ya 50 kwa 60 inazimeza.

Wengi hukosea nafasi kati ya kioo na ubao wa nyuma. Iwe milimita 5. Ikifika 7, mioyo miwili hupandana na kukwama katikati. Ikifika 12, majina ya nyuma hayaonekani tena. Tundu la juu liwe na upana wa sentimita 5, na ubao wa nyuma ufungwe kwa skrubu ili siku moja mweze kuitoa mioyo na kuisoma.

Je, vipande vya mchezo wa Jenga, ule wa kupanga mnara wa vipande vya mbao, vinafaa?

Vinafaa sana, na jina lenyewe limetoka kwenye Kiswahili chetu. Vipande ni 54, kila kimoja sentimita 1.5 kwa 2.5 kwa 7.5. Mkivikata wenyewe, urefu lazima uwe upana mara tatu kamili: mkikosea nusu milimita kwenye upana, safu ya vipande vitatu inapotoka milimita moja na nusu na mnara unayumba. Andaeni ufito wa mita 5 uliopigwa randa, maana msumeno nao unakula milimita tatu hivi kila ukatapo. Wageni waandike kwenye ubavu mwembamba. Nyuso pana ndizo zinazosuguana mchezoni na zingefuta majina. Nyuso hizo pakeni nta, msipake vanishi, kwani vanishi itavigandisha.

Meza ya kuandikia ipangweje?

Kalamu sita za aina moja, na kalamu nyingine yoyote iondolewe mezani, hata ile ya mhudumu. Mwandike mfano mmoja wenu ili wageni waone ukubwa wa herufi; bila mfano, kumi wa kwanza hujaza robo ya ubao. Aanzaye kuandika aanzie juu, na ndugu mmoja akae hapo na kipande cha msasa 320 kwa ajili ya jina litakalokosewa.