Miji ya Ugiriki au miji ya Kigiriki?

SWALI: Natafsiri maelezo ya sarafu za kale. Niliandika "sarafu za shaba za miji ya Ugiriki chini ya utawala wa Warumi". Mhariri akabadili, akaweka "miji ya Kigiriki". Kwani Kigiriki si lugha? Mji nao una lugha?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na ramani inamuunga mkono. Ugiriki ni nchi. Efeso, Smirna na Pergamo zilitoa sarafu hizo kwa wingi, na zote leo ziko Uturuki. Smirna ndiyo Izmir. Ukiandika "miji ya Ugiriki" umeivusha bahari.

Tena ki- haibebi lugha peke yake, hubeba pia desturi na asili: vazi la Kimasai, chakula cha Kihindi. Barawa iko Somalia, lakini ni mji wa Kiswahili. (Uswahilini ni habari nyingine kabisa.)

Hata hivyo, mimi ningeandika "miji ya Wagiriki", na sababu yangu imeandikwa kwenye sarafu zenyewe. Upande mmoja mara nyingi huwa na kichwa cha Kaizari. Geuza sarafu ya Efeso: mara nyingi utamkuta Artemi, mungu wa kike wa mji huo, au hekalu lake, pamoja na neno ΕΦΕΣΙΩΝ, yaani "ya Waefeso". Si "ya Efeso". Wanaotajwa ni watu, raia wa mji, si mahali. Smirna nayo vivyo hivyo: "ya Wasmirna". Kigiriki hapo kimebadili mwisho wa neno kuonyesha umiliki na wingi. Sisi tuna -a unganifu na wa-, tunafika palepale bila jasho.

Angalia tu Korintho usikuponyoke. Huo uko Ugiriki kweli, ila Julius Caesar aliufanya koloni la Warumi mwaka 44 K.K., na sarafu zake zikaandikwa Kilatini. Kwa mji huo, maneno yako ya kwanza yangefaa.

"Shaba" iache. Madini yenyewe mara nyingi ni shaba iliyochanganywa na bati, lakini hata medali ya mshindi wa tatu tunaiita ya shaba na hakuna anayelalamika. Ile isiyochanganywa iite "shaba nyekundu".

Na ukikutana na assarion, jina la sarafu ndogo ya zama hizo, andika "asarioni". Wafasiri wa Biblia waliiita senti kwenye habari ya shomoro, na kwa msikilizaji wa mahubiri inatosha. Ila kisiwa cha Chios kiliandika jina hilo waziwazi juu ya sarafu zake. Mtazamaji akilisoma pale, kisha akaona "senti" kwenye maelezo yako, atachanganyikiwa.