Maswali Yenu: Fahali wa Ulaya, Pembe Zake na Kilimia

Mchongaji wa vinyago, Mikindani: Mteja amenionyesha picha ya kichwa cha fahali cha jiwe jeusi kutoka Krete, kisiwa cha Ugiriki, anataka nimchongee cha mpingo. Anasema ni chombo cha kumiminia. Kinamiminaje bila mdomo wa birika? Na jicho lile limewekwaje?

Kichwa hicho kilifukuliwa Knossos, mji wa kale wa Krete, katika jengo liitwalo Kasri Dogo, na sasa kimo katika makumbusho ya Heraklion. Kina umri wa kama miaka 3,500. Kina matundu mawili: la kujazia liko shingoni kwa nyuma, la kutolea ni dogo na liko mdomoni. Chombo cha namna hii ukiziba tundu la nyuma kwa dole gumba, hewa haiingii na kinywaji hakitoki, ukiachia, kinatiririka. Kwa hiyo tundu la mdomoni anza na milimita 4. Likiwa pana hewa itapenya hapo hapo, na dole lako halitazuia kitu.

Gogo ulipasue ili moyo wa mti ubaki nje ya kipande chako. Mti ukikauka hunywea zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea katikati, ndiyo maana kipande chenye moyo hupasuka hata kikitunzwa vipi. Ncha zipake nta, kikae kivulini. Komba ndani kwanza, kupitia shingoni, ukiacha unene wa sentimita 1.5, ndipo uumbe uso. Ukianza na uso, patasi itakutokea puani. Kisha ziba shingo kwa kifuniko cha mpingo huohuo, chenye tundu la kujazia.

Pembe zichonge mbali, zenye ulimi wa sentimita 2 wa kuingia kichwani. Ukizitoa kwenye gogo lilelile, nyuzi za mti zitapita mkingamo kwenye mpindo, na pembe itakatika siku ya kwanza ikianguka. Hata za Krete hazikuwa jiwe. Zinadhaniwa kuwa za mti uliopakwa dhahabu, nazo zilioza. Hizo za pichani zimetengenezwa upya.

Jicho ni jiwe angavu kama kioo, limepakwa rangi kwa nyuma na kuzungushiwa jiwe jekundu liitwalo yaspi. Wewe tumia kioo kinene. Wengi hukosea mpangilio: ukipaka kwa nyuma, mboni hutangulia, rangi nyingine zikafuata juu yake. Ukigeuza, mboni haitaonekana kabisa. Ule mstari mweupe wa pua ni gamba la baharini. Lisage likiwa limelowa, kwani vumbi lake kavu huumiza mapafu, na la mpingo si jema pia. Na mwambie mteja asiache kinywaji ndani. Amimine, afute, akaushe.

Mwanafunzi wa sekondari, Nachingwea: Shikamooni. Kitabuni kuna picha ya ukutani kutoka Knossos, ya mtu akipinduka juu ya mgongo wa fahali. Inawezekana kweli?

Marahaba. Kumruka fahali kunawezekana. Ila kwa namna aliyoeleza Arthur Evans, aliyeanza kuchimba Knossos mwaka 1900, tunasita. Yeye alisema mrukaji alishika pembe zote mbili, fahali akainua kichwa na kumrusha, akatua mgongoni kisha akaruka chini kwa nyuma. Mfugaji yeyote atakuonyesha kasoro: fahali akipiga pembe huzungusha kichwa upande, hakinyanyui sawasawa kama mtu anayekupandisha ngazi. Aliyeshika atatupwa ubavuni, au pembe moja imwingie. Huko Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hadi leo watu huwaruka ng'ombe majike wanaokuja mbio. Ncha za pembe hufunikwa, na mtu wa kamba humwongoza ng'ombe anyooshe njia. Mrukaji hashiki pembe hata kidogo.

Picha yenyewe ina watu watatu, wawili weupe na mmoja kahawia aliye juu ya mgongo. Kahawia kwa kawaida ilikuwa rangi ya wanaume na nyeupe ya wanawake, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya hawa. Kumbuka pia kwamba imeunganishwa kutoka vipandevipande, na mapengo yakajazwa na mafundi wa siku zetu.

Msomaji, Lindi mjini: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Wazungu nao wanalo hilo?

Waairishi, watu wa Ayalandi, wanalo katika utenzi wa kale, Táin Bó Cúailnge. Malkia Medb na mumewe Ailill walilinganisha mali, zikatoshana isipokuwa fahali mmoja mwenye pembe nyeupe, Finnbennach, wa mume. Medb akaanzisha vita amnyakue Donn, fahali wa kahawia wa Cúailnge. Mwisho mafahali wenyewe wakakutana. Donn alimrarua mwenzake, akazunguka nchi na vipande vyake pembeni. Kiuno kilipoanguka pakaitwa Áth Luain, kivuko cha kiuno. Kisha Donn naye akafa.

Mkulima, Ruangwa: Nimesikia Kilimia kimo ndani ya ng'ombe wa angani. Nimtazame wapi?

Ndiyo, kimo katika buruji ya Thauri, yaani kundi la nyota la fahali, begani mwa fahali. Katikati ya Januari, saa tatu usiku, tazama kaskazini. Juu, upande wako wa kulia, kuna nyota tatu zilizopangana mstari. Fuata mstari huo kushoto ukishuka, utafika kwenye nyota yenye wekundu: ndiyo jicho, Aldebaran. Jina ni la Kiarabu, maana yake mfuataji, kwa kuwa hukifuata Kilimia. Nyota ndogo zilizo kando yake zimekaa kama herufi V; huo ndio uso. Pembe zinaelekea kulia. Endelea kushoto na chini kidogo, Kilimia hicho.

Usimtafute mwili wa nyuma, hana. Wagiriki walimpa nusu ya mbele tu, na baadhi ya masimulizi yanasema ni Zeus, mungu wao mkuu aliyejigeuza fahali, akiogelea kwenda Krete na binti Europa mgongoni, nyuma imezama majini. Epuka pia usiku wa mbalamwezi, maana nyota za uso hufifia, likabaki jicho peke yake.