Maswali ya Wasomaji: Klabu ya Tiara Yahesabu Mwaka Wake

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote mahali pamoja. Klabu moja ya kurusha tiara mjini Moshi, yenye watoto, vijana na wazee wachache waliokataa kuzeeka, inajiandaa kwa mkutano wake wa mwaka, na wanachama wake pamoja na majirani wa kiwanja chao wameona heri mabishano yao yapitie kwetu kwanza. Tumezifupisha barua bila kugusa hoja zake.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa klabu na natakiwa kusoma taarifa ya mwaka mbele ya wanachama. Tulipanga siku kubwa mbili, moja katika likizo ya Juni na nyingine mwanzoni mwa Desemba baada ya shule kufungwa. Mwezi Juni tulianza saa tatu asubuhi, tiara zikakataa kupaa mpaka wageni wakaondoka. Desemba mvua ya radi ilituondoa kiwanjani. Hata hivyo, Jumamosi za kawaida za Septemba na Oktoba, ambazo hatukumwalika mtu, zilikwenda vizuri sana. Baadhi ya wanachama wanasema mwaka umekuwa mbovu na kwamba uongozi ubadilishwe. Niandike nini? — *Katibu, Moshi*

JIBU: Ndugu Katibu, taarifa yako ianze na upepo, kwa sababu barua yako yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba mwaka wenu haukuwa mbovu, zilizokuwa mbovu ni tarehe mbili mlizozichagua.

Mji wenu umekaa chini ya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na mlima wenye kimo cha mita 5,895 hauwezi kukosa upepo wake wenyewe. Jua likipanda, miteremko hupata joto, hewa iliyo juu yake hupata joto pia na kupaa, na hewa ya tambarare husogea kuja kujaza nafasi hiyo. Ndiyo maana mchana wa jua upepo huelekea mlimani, na usiku, miteremko inapopoa, hewa ya baridi huteremka kurudi bondeni. Kati ya mwendo huo wa usiku na ule wa mchana kuna saa za asubuhi ambazo hewa hutulia kabisa, na ninyi mlialika wageni katika saa hizo hizo. Isitoshe, Juni ni mwezi wa kipupwe, wakati ambapo wingu hutanda juu ya mji na miteremko kwa sehemu kubwa ya siku. Jua lisipoipiga ardhi, upepo wa mchana huwa dhaifu au haufiki kabisa, na hapo hata fundi hodari atakimbia kiwanja kizima akiburuta tiara nyuma yake kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Septemba na Oktoba mambo hugeuka. Wingu la kipupwe limeachia, ardhi imekauka, jua ni kali na vuli haijashika. Ifikapo Desemba mvua za vuli zinakuwa bado zipo, na mawingu ya radi hupenda kujikusanya mchana, saa zile zile ambazo tiara inauhitaji upepo. Kwa hiyo nikiulizwa kosa la uongozi, nitasema ni kufuata kalenda ya shule pale ilipotakiwa kufuatwa kalenda ya mlima. Watoto wako shuleni mwezi Septemba, ni kweli, lakini Jumamosi alasiri wapo nyumbani. Siku kubwa ya mwakani iwekwe Jumamosi mojawapo kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, ianze baada ya chakula cha mchana, na Jumamosi inayofuata iwe akiba iwapo hali ya hewa itakataa.

Jambo la pili ni daftari la upepo. Hamhitaji chombo cha kununua. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliweka madaraja ya kupimia upepo kwa macho, na madaraja hayo, yakiwa yamefanyiwa marekebisho, yanatumika hadi leo. Upepo unaousikia usoni huku majani yakichakarika ni daraja la 2, yaani kilomita 6 hadi 11 kwa saa. Majani na vijitawi visipotulia na bendera nyepesi ikakunjuka, hilo ni daraja la 3, kilomita 12 hadi 19. Vumbi na karatasi vikianza kupeperushwa mmeingia daraja la 4, na miti midogo ikiyumba mko daraja la 5, ambalo huanzia kilomita 29. Tiara za karatasi za ukubwa wa kawaida hustarehe katika daraja la 3. Kumbukeni pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tiara huongezeka mara nne, na hapo ndipo vijiti huvunjika mikononi mwa mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa akilalamika kwamba upepo hautoshi.

Kila mnapokutana, mwanachama mmoja aandike tarehe, saa, daraja, upande upepo unakotoka na hali ya wingu. Taarifa ya mwakani itakuwa imejiandika nusu yake. Ama kuhusu kubadilisha uongozi, hilo ni la mkutano, ila mkiuondoa huu na kuiacha ratiba ile ile, viongozi wapya watasimama mbele ya wageni wale wale Juni ijayo wakitazama bendera iliyolala.

SWALI: Siku ya Nanenane tulikwenda kurusha tiara katika kiwanja kimoja cha Arusha. Tiara zilizopaa vizuri Moshi zilikuwa zikizunguka na kuanguka kichwa chini. Mwenzetu mmoja anasema hewa ya Arusha ni nyepesi kwa sababu mji uko juu, hivyo tusirudi tena. Je, ni kweli? — *Mwanachama kijana, Moshi*

JIBU: Mwenzako amesema kweli kuhusu hewa, lakini hewa si chanzo cha kuanguka kwa tiara zenu. Moshi iko mita mia nane na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko karibu mita 1,400. Hewa ya Arusha ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 13 ikilinganishwa na ya pwani, na ya Moshi kwa karibu asilimia 8, kwa hiyo tofauti kati ya miji hii miwili ni kama asilimia 5 tu. Upepo ukizidi kidogo pengo hilo linazibika, wala hamtalitambua.

Tiara inayozunguka na kuanguka kichwa chini ina moja kati ya matatizo mawili. Huenda imefungwa vibaya, lakini umesema zilipaa Moshi. Basi lililobaki ni upepo uliovurugika. Upepo unapopita juu ya mstari wa miti au majengo hauendelei moja kwa moja; hujikunja na kujipinda upande wa pili, na vurugu hiyo hufika umbali wa mara kumi ya kimo cha kizuizi na hata zaidi. Mti wa mita 15 unaweza kuharibu upepo mpaka mita 150 nyuma yake, na viwanja vingi vya mjini havina upana huo. Sisi wa Arusha tumezungushia viwanja vyetu mijakaranda, migrivea na mikaratusi, na sidhani kama tutaikata kwa ajili ya tiara. Mkija tena, tafuteni eneo la wazi nje ya mji, simameni pale ambapo upande upepo unakotoka hakuna mti wala nyumba ya karibu, na mtaona kwamba hewa yetu haina ubaya.

SWALI: Sisi enzi zetu tulirusha tiara za mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ikapigwa marufuku, na sasa wanangu wawili walio katika klabu wanatumia karatasi za madaftari, ambazo huloa na kuchanika. Mwaka mzima nimekuwa nikinunua madaftari. Je, kuna njia nyingine? — *Baba wa watoto wawili, Majengo, Moshi*

JIBU: Pole, Baba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na ingawa mifereji yetu imepumua, ni kweli kwamba mafundi wadogo wa tiara walipoteza malighafi yao. Mifuko mbadala inayofanana na kitambaa imewavutia wengi, lakini inapitisha hewa na ni mizito kwa tiara ndogo.

Kwa mafunzo, tumieni gazeti. Karatasi ya gazeti ina uzito wa karibu gramu 45 kwa mita moja ya mraba, wakati karatasi ya kawaida ya mashine za kuchapia ofisini ina gramu 80. Tiara ya umbo la almasi yenye urefu wa sentimita 90 na upana kama huo hutumia takriban mita 0.4 za mraba. Kwa gazeti ni gramu 18, kwa karatasi ya ofisini ni gramu 32, na tofauti hiyo katika upepo mdogo ndiyo inayoamua nani anarusha na nani anatazama. Gundi ya unga wa ngano inatosha, mradi ipakwe kwa wembamba na iachwe ikauke vizuri.

Kwa tiara ya kudumu, ushauri wangu ni mwamvuli uliovunjika. Masika ya Moshi, hasa mwezi Aprili, huacha miamvuli mibovu kila nyumba. Kitambaa chake ni chepesi, kimefumwa kwa kubana, hakiloi upesi, na tayari kimekatwa vipande vya pembetatu ambavyo fundi cherehani anaweza kuviunganisha kwa muda mfupi. Anayetaka rangi anunue bitana nyepesi. Vyuma vya mwamvuli msivitumie. Ni vizito, na chuma angani karibu na nyaya za umeme ni hatari.

Vijiti viwe vya mwanzi uliokauka, uliopasuliwa na kuparuliwa mpaka uwe mwembamba. Kijiti cha kukingama wekeni katikati juu ya kidole: upande unaoinama uparuliwe tena mpaka pande zote zilingane. Wengi huruka hatua hii, kisha huongeza mkia mrefu ili kuficha kasoro. Mkia husaidia kweli, kwa kuwa unaivuta tiara nyuma na kuizuia isiyumbe, lakini kila kipande cha mkia ni uzito unaobebwa bure na tiara iliyotengenezwa vizuri. Kabla ya kuongeza mkia, jaribuni kusogeza fundo la kifuani, pale nyuzi fupi mbili zinapokutana na uzi mkuu. Likisogezwa juu kidogo, tiara hulala zaidi na kuvumilia upepo mkali. Likishushwa, husimama zaidi na kukamata upepo mdogo. Sogezeni kwa upana wa kidole kimoja tu kwa kila jaribio.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwanangu amerudi kutoka klabu na viganja vilivyokatwa. Vijana wakubwa wanapaka nyuzi zao gundi na vioo vilivyosagwa ili wakate nyuzi za wenzao, nao wanataka mashindano hayo yaingizwe rasmi katika ratiba ya mwakani. Mimi ni mzazi tu, lakini naogopa. — *Mama, Pasua, Moshi*

JIBU: Marahaba, Mama. Una haki ya kuogopa, na barua yako naomba Katibu aisome mkutanoni neno kwa neno. Mchezo huo unajulikana sana nchini India, hasa katika jimbo la Gujarat, ambako tarehe 14 Januari mji wa Ahmedabad hujaa tiara juu ya mapaa. Huko huko wapanda pikipiki wamekufa kwa kukatwa shingo na nyuzi zilizokatika na kuning'inia barabarani, ndege wengi hujeruhiwa, na mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya nchi hiyo ilipiga marufuku nyuzi za nailoni zilizopakwa vioo. Sasa fikirieni Moshi, mji ambao bodaboda hupita kila kichochoro na dereva hana kinga shingoni. Klabu ipige marufuku nyuzi hizo katika katiba yake, si kwa maneno ya mdomo tu. Vijana wanaotaka kushindana wapimane kwa muda wa kukaa angani, au kwa kutua karibu zaidi na alama iliyochorwa chini, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

SWALI: Je, klabu kama yetu inahitaji kusajiliwa? — *Mweka hazina*

JIBU: Ikiwa mnakusanya ada na mnataka kuomba kiwanja cha umma, ndiyo, ni vyema. Anzeni kwa afisa michezo wa Manispaa mkiwa na katiba, majina ya viongozi na kumbukumbu za mkutano. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya michezo nchini.

SWALI: Mzee mmoja alitusimamisha akisema tiara zetu zitaangusha ndege. Tucheke au tusikilize? — *Wanachama watatu, Moshi*

JIBU: Msikilizeni. Moshi ina uwanja wake wa ndege ndogo, Arusha ina wake pale Kisongo, na uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko katikati ya miji hiyo miwili. Kabla ya siku kubwa, andikieni Mamlaka ya Usafiri wa Anga mkieleza mahali, tarehe na kimo. Nchini Uingereza kimo cha kawaida kinachoruhusiwa ni mita 60 kutoka ardhini, na mita 30 ndani ya eneo la uwanja wa ndege; nanyi mkijiwekea mita 60 kama kanuni ya klabu, pale ambapo Mamlaka haikuwapa kimo cha chini zaidi, si vibaya. Njia rahisi ya kuitekeleza ni kumpa kila mrushaji uzi wa mita 60 na si zaidi, kwa maana tiara haiwezi kupanda juu kuliko urefu wa uzi wake.

Tiara ikinasa kwenye nyaya za shirika la umeme, TANESCO, iacheni hapo na kulitaarifu shirika. Asipande mtu, wala asivute uzi. Na mkisikia radi, hata ikiwa mbali upande wa mlimani, shusheni tiara zote. Jaribio la Benjamin Franklin la mwaka 1752 la kurusha tiara wakati wa dhoruba husimuliwa shuleni kwa sifa nyingi, lakini mwaka uliofuata mwanasayansi Georg Richmann aliuawa na radi mjini St. Petersburg akiwa katika uchunguzi wa umeme huo huo wa mawinguni. Kwa Desemba yenu ya mwaka huu, nani aliyetoa amri ya kushusha tiara, na ilichukua muda gani kutekelezwa? Barua ya Katibu haikusema. Hilo nalo liingie kwenye taarifa.