Ukienda Ureno, usiishie ufukweni

Watu wakisikia naijua Ureno kidogo, swali la kwanza huwa ni moja: ufukwe gani mzuri? Jibu langu ni fupi. Shuka Algarve, kusini kabisa, uchague wowote. Ila mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au Lindi hana haja ya kuhangaikia viza ya Schengen kwa ajili ya mchanga na jua. Hivyo tunavyo, na vyetu ni bora. Maji ya Atlantiki ni baridi hata Agosti. Ukiwa umezoea Nungwi, utaingia mpaka magotini na kutoka mbio.

Kwa maoni yangu, kinachostahili nauli yako kiko Lisbon, mtaa wa Janelas Verdes, ndani ya Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Wageni wengi wanaipita tu wakikimbilia Belém, kitongoji cha Lisbon chenye majengo ya kale. Wewe ingia, uliza ilipo Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia, yaani mkate mtakatifu, wakati wa kuabudu. Chote ni dhahabu iliyotiwa nakshi za enameli, kimo chake zaidi ya sentimita 70. Sogea karibu na kioo: utawaona mitume 12 wadogo wadogo wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia. Kisha inama usome maandishi ya kwenye kitako. Yanasema mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikakamilika mwaka 1506.

Ndiyo, Kilwa hii hii yetu, Kilwa Kisiwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa. Mwaka uliofuata dhahabu ikawa Lisbon. Mwaka 1505 kikosi kingine cha Wareno, chini ya Francisco de Almeida, kikaja kuupora mji wenyewe. Ulipaji haukuwa umesaidia kitu. Kila nikisimama mbele ya kile kioo nashindwa kuamua kama nione fahari kwa utajiri wa mji ule au nikasirike, na mlinzi wa chumba hunitazama akishangaa huyu anasoma nini muda wote huo.

Ukitoka hapo, Belém itakuwa na maana zaidi. Panda tramu namba 15, gari la umeme linalopita kwenye reli za barabarani, hadi kwenye monasteri ya Jerónimos, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa ushuru wa biashara ya viungo. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa, karibu na mlango. Monstransi ile ilikuwa mali ya monasteri hii kabla ya kuhamia makumbusho. Jirani tu ni duka la Pastéis de Belém, linalooka vitobosha vya maziwa na mayai tangu 1837. Nyunyizia mdalasini, kula vikiwa moto. Foleni ya nje isikutishe, ndani kuna kumbi kubwa za kukaa.

Tramu namba 28 kila mtu atakusifia. Ni nzuri kweli, lakini hujaa watalii na wezi wa mifukoni, kwa hiyo ipande asubuhi na mapema na begi liwe kifuani. Vitongoji vya Alfama na Mouraria vizunguke kwa miguu, na viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe ya njia za Lisbon huteleza vibaya yakilowa. Anayetafuta chakula cha halali aanzie Mouraria, upande wa Martim Moniz. Kuna Wabangladeshi wengi wenye migahawa. Mji wa Sintra na kasri lake la Pena ni safari ya treni ya chini ya saa moja kutoka stesheni ya Rossio.

Ukishuka Algarve, kaa Lagos, si ile ya Nigeria bali mji wa Ureno. Majabali ya rangi ya chungwa ya Ponta da Piedade yanapendeza zaidi ukiwa kwenye boti ndogo inayopenya mapangoni. Halafu rudi mjini uone jengo la Mercado de Escravos, yaani soko la watumwa. Mwaka 1444 Waafrika zaidi ya 200 walishushwa Lagos na kugawanywa kwa wenye fedha, na leo pale pana makumbusho madogo ya utumwa. Aliyewahi kuingia soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, atajua kwa nini namtuma huko.

Nazaré, mji wa pwani kaskazini mwa Lisbon, ni ya wapenda mawimbi makubwa: nenda kati ya Oktoba na Machi, usimame kwenye ngome yenye mnara wa taa. Kiangazi hutaona cha ajabu.

Mambo mawili ya mfukoni. Usipange makumbusho siku ya Jumatatu, nyingi hufungwa, ikiwemo ile yenye dhahabu ya Kilwa. Na mgahawani, mkate, zeituni na jibini vitawekwa mezani kabla hujaagiza chochote. Si ukarimu wa nyumba. Ukigusa, utakuta kwenye bili. Usipotaka, sema tu “não, obrigado” (hapana, asante), mwanamke aseme “obrigada”, na mhudumu ataviondoa bila kinyongo.