Mama ametuachia Biblia moja, nasi tunagombana

*Shangazi, shikamoo. Mama alifariki Desemba mwaka jana, tukamzika nyumbani Machame. Sasa inakuja ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kaka zangu wanataka mahema, fulana zenye picha yake na kaburi lijengewe kwa marumaru. Nimepangiwa mchango nisioumudu. Dada, aliyekuwa akiishi naye, amechukua Biblia ya Mama aliyoandikaandika pembeni, na hataki hata niishike. Binti yangu wa miaka sita ananiuliza bibi alikuwaje, naishia kulia. Nifanyeje? – Kitinda mimba, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwa aliyezika mama, mwaka mmoja ni juzi tu.

La mchango ni jepesi. Mpigie kaka mkubwa simu, usiliandike kwenye kundi la familia ambako mawifi na mashemeji wote wanasoma. Mtajie kiasi ulichonacho na ukitume siku hiyohiyo. Usimwambie kwamba Mama asingependa marumaru. Kaka yako naye amefiwa, na kujenga ndiyo namna yake ya kulia.

Linaloniuma zaidi ni la binti. Unakumbuka wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi? Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaugua. Yote kweli, lakini mtoto hawezi kumpata bibi yake humo. Mwandikie wasifu mwingine. Andika wimbo aliouanzisha alfajiri akiwasha moto jikoni, na alivyopandisha bei kwenye mnada wa mazao ya sadaka kanisani baada ya ibada, ananunua mkungu wa ndizi wakati nyumbani mgomba umejaa. Andika na hasira zake. Msibani huwa tunamfanya marehemu malaika, na mimi sipendi, kwa sababu mjukuu anabaki na picha ya mtu asiyefanana na yeyote anayemjua. Kama Mama aliwahi kununiana na jirani, kisha akaenda kumwomba radhi kabla ya kukaribia Meza ya Bwana, msimulie binti hilo. Mtoto wa miaka sita anajua kununa na anajua ugumu wa kuomba radhi. Hapo ataielewa imani ya bibi yake.

Usimsimulie yote kwa siku moja. Akiuliza, mpe jambo moja, dogo. Machozi yakija, yaache yaje, umwambie unalia kwa sababu ulimpenda.

Desemba ukienda, jitahidi ufike siku mbili tatu kabla ya ibada, watu hawajajaa. Watembelee akina mama walioimba naye kwaya na kusali naye jumuiya. Nao wanazeeka. Warekodi kwa simu, waseme Kimachame kama ndicho walichozoea kusemezana. Waulize Mama alikuwa akiombea nini. Watoto wengi hatukuwahi kujua mama zetu walitutajaje mbele za Mungu, ila waliopiga naye magoti walisikia.

Biblia iache kwa dada. Mwombe mkae pamoja, yeye afungue na wewe upige picha kila ukurasa wenye maandishi ya Mama, kabla wino haujafifia, halafu kila ndugu apate nakala. Mkifika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, msome mstari wa tano. Paulo anamkumbusha kijana yule kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na kwa mama yake Eunike. Huyo ni mtume mzima, na hakuona haya kuwataja wanawake wawili wa nyumbani kwa majina yao.

Na kabla ya kumwomba dada lolote, muulize yeye habari za Mama. Miaka uliyokuwa Dar, yeye ndiye aliyemsikia akisali usiku, na huenda tangu mazishi hakuna aliyemuuliza.