Kabla hujamlaumu muuza lenzi, chukua rula

Wadogo zangu mnaoanza na DSLR (kamera zenye kioo ndani), hili la fokasi kushika pasipo lilinitesa mimi. Nilinunua lenzi ya 50mm f/1.8 ya mtumba nikaenda kupigia send-off, kwenye skrini ya kamera kila kitu safi, nafika home nafungua kwenye kompyuta nakuta hereni za bi harusi shapu hadi vijiwe unavihesabu, macho sasa, yamelegea, picha baada ya picha. Nikamnunia aliyeniuzia wiki nzima, kumbe lenzi nzima kabisa.

Iko hivi, ukichungulia kwa jicho kwenye kitundu cha kamera, fokasi haipimwi na sensa inayopiga picha, inapimwa na nyingine ndogo iliyo chini ya kioo, hizo mbili zikipishana kidogo tu na lenzi yako ina f ndogo kama hiyo 1.8 (tundu linafunguka sana, sehemu iliyo shapu inakuwa nyembamba), imekula kwako. Wenye mirorlesi (kamera zisizo na kioo) hili haliwasumbui sana, zao zinapima kwenye sensa ileile.

Dawa yake ni setingi ya kusogeza fokasi kwa namba, Nikon wanaiita AF fine-tune, Canon AF microadjustment. Cheki kwanza menyu, maana sio kamera zote zina hiyo setingi. Nikon D7200 inayo, D3400 haina, Canon 70D inayo, 60D hawakuiweka.

Mimi nilifanyia sebuleni mchana, dirisha wazi. Kiberiti juu ya stuli kimeangalia kamera, pembeni yake rula ya shule imeegemezwa kwa mshazari, namba 15 usawa na uso wa kiberiti. Kamera kwenye stendi mita 2 na nusu, f/1.8, pointi ya fokasi ya katikati tu, taima sekunde 2. Kila kabla ya kupiga zungusha ringi mpaka ione ukungu ndo uiache itafute yenyewe, na piga hata kumi, picha moja inadanganya jamani! Halafu piga na live view (unaangalia kwenye skrini, fokasi inapimwa na sensa ya picha yenyewe) ulinganishe, kama hata hiyo haiko shapu basi tatizo sio kalibresheni, usiguse kitu.

Yangu ilikuwa inashika 16 na 17, yaani nyuma ya kiberiti, kwa hiyo kwenye ile setingi unaenda minasi (ikishika mbele unaenda plasi). Nikaanza na minasi 5, nikarudia zoezi lote, ikatulia kwenye minasi 7. Mwisho ni 20 kila upande, ukifika huko na bado inakosa, mpelekee fundi. Na ukibadilisha lenzi unaanza upya, kila lenzi ina namba yake.