Maswali yenu juu ya mwili wa mwanaume, leo bila haya

Wiki hii nimepata maswali mingi ya kutoka humu Goma, mingine ilitumwa saa nane ya usiku, naelewa juu ya nini, haya inashika mutu mchana. Nachukua ine.

Muganga, niko motari, nabeba watu ku pikipiki hapa Ndosho. Pumbu ya kushoto inashuka chini kuliko ingine, ni juu ya kukaa ku pikipiki siku nzima?

Hapana kaka, ni vile tunazaliwa. Ku wanaume wengi moja inashuka kuliko ingine na mara mingi ni ya kushoto. Zinaninginia inje juu zinataka baridi, digri 2 ao 3 chini ya joto ya tumbo, bila ile baridi, mbegu hazitengenezwe muzuri. Ukioga maji ya baridi ya asubui utaona ngozi inajikunja inazipandisha, joto ikirudi zinashuka tena. Ila ukiwa umesimama, ukigusa pale kushoto usikie kitu kama minyoo mu kafuko, ile ni mishipa ya damu imevimba, kuja tuangalie.

Mutoto wangu wa miaka 14 aliamuka na uchungu mukali pale chini, bibi yake anasema tumuwekee maji ya moto na chumvi, tungoje asubui. Ni sawa?

Hapana papa, hapana kabisa, na hii njo swali ilifanya niandike leo. Pumbu inashikwa na kamba moja tu, mule njo damu inapita. Ku batoto bamoja haikufungwa muzuri ndani tangu kuzaliwa, basi inaweza kujizungusha, hata mutoto akiwa analala, kamba inajisokota kama kamba ya kisima na damu inakatika. Muganga akiifungua mbele masaa 6 ipite tangu uchungu ianze, mara mingi inapona, ikipita masaa 24 kuiokoa ni bahati kubwa. Maji ya moto haifungue kamba.

Niliona kijana moja amechutama kwa mulango, anatapika, anashika tumbo, anasema tu tumbo, mama anafikiri ni malaria. Nikaomba mama atoke inje kidogo, mutoto akanionyesha kwa kidole, hata hakutamka. Ilikuwa siku ya pili. Mu operesheni tulikuta imekuwa nyeusi kama bilinganya, ikatolewa. Ile ingine ilishonwa ili isijizungushe nayo, na hata na moja tu anaweza kuzala, lakini ile ya kwanza tungeiokoa kama angesema usiku ule ule. Kwa hiyo baba na mama, mutoto mwanaume akisema tumbo ya chini inauma gafla na anatapika, mumuulize na pale chini, kwa upole, na mutafute pikipiki mumupeleke hospitali hata kama ni usiku.

Mukojo na mbegu vinapita njia moja, havichanganyane?

Njia ya mwisho ni moja, kweli. Lakini wakati mbegu zinatoka, mulango wa kibofu unajifunga wenyewe. Mbegu zinatoka mbali wee: zinatengenezwa mu pumbu karibu miezi 2 na nusu, zinapita mu kamurija kamekunjwa nyuma yake, ukikanyoosha kanafika karibu metre 6, mule njo zinajifunza kuogelea, kisha zinapanda mu tumbo zinazunguka kibofu. Maji yenyewe inatoka ku vifuko viwili nyuma ya kibofu na ku prostati, ile tezi iko chini ya kibofu, mbegu zenyewe hazifike hata 5 ku 100. Na prostati inazunguka njia ya mukojo, njo maana ikivimba ku bazee mukojo unatoka kidogo kidogo na wanaamuka usiku mara mingi. Muzee akiwa vile apimwe, asingoje mpaka ifunge.

Tuko na batoto 7, muke wangu amechoka na sindano za kupanga uzazi. Nikifungwa mirija nguvu itaisha?

Haiishe. Kinachokatwa ni njia ya mbegu tu, homoni yenye inaleta nguvu, sauti na ndevu inatoka ku pumbu inaingia mu damu, haipite mule. Maji itaendelea kutoka na hautaona tofauti kwa macho. Kumbuka tu kuna mbegu zilishapita mbele ya kukata, kwa hiyo miezi 3 ya kwanza kapoti (kondomu) ibakie ku kitanda, mpaka laboratware ipime iseme haikuone hata moja.